Kifungu cha Tatu

Saa nane na robo ya usiku, Tartu.
Theluji imemnyamazisha hata mbwa wa Urmas, ng'ambo ya ua.
Mikono yangu bado inanuka sabuni,
mashuka mia tatu ya hospitali, zamu nzima,
na sasa nimeketi mbele ya kompyuta
nihukumu mauaji.

Hakuna aliyekufa. Nalijua hilo.
Aliyekufa ni Liisu, mganga wa Vaskoja,
mji tulioujenga kwa maneno, watu arobaini na mmoja,
usiku baada ya usiku, mwaka wa sita huu,
mji wenye mto unaopanda mlima
kwa sababu mtu mmoja, mwaka wa kwanza, alikosea kuandika
na sote tukakubali.

Kifungu cha tatu, nami ndiye niliyekiandika, kinasema:
*Mhusika wa mwenzio ni nyumba ya mwenzio.
Usiingie bila kubisha hodi.*

Urmas hakubisha.
Mtawala wake, mwenye joho na mbwa mwitu wawili,
alimkata Liisu shingo kwa sentensi moja,
bila dadu, bila idhini, kisha akaenda kulala.
Urmas, anayelipia seva.
Urmas, aliyenibebea kabati hadi ghorofa ya nne
nilipoachwa, asiulize swali hata moja.

Wanangoja. Naviona vitone vya kijani kando ya majina yao,
kumi na tisa, macho, saa hii.
Tõnis ameshaandika: "Ni mchezo tu."
Kadri: "Angekuwa mwingine, angefukuzwa jana."

Sheria ni msumeno. Sawa.
Ila nani aliwahi kuutaja mkono unaoushika,
unavyotetemeka meno yakigusa
mlango wa jirani?

Na kuna jingine, bora nilitoe.
Msimu wa baridi uliopita mhusika wangu alikuwa anazama.
Dadu ilitoka mbili. Nilikuwa peke yangu.
Nikairusha tena.
Ikatoka kumi na saba, nikaandika kumi na saba,
wakanipongeza kwa bahati.

Hukumu za Vaskoja huandikwa kwa vina.
Ni desturi, hata kwa mfua mashuka:

*Mtawala shuka chini, ngome yako imefungwa,
siku mia u sokoni, kuni zako zikipangwa,
mganga yuko nyumbani, shingo yake imeungwa,
nami nizame majini, na mbili haikutungwa.*

Nikabonyeza. Kisha nikamzamisha wangu, aya tatu, bila kumpamba.
Mto ukamchukua, ukampandisha mlimani,
maana ndivyo uendavyo.

Kitone cha Urmas kikazimika.
Asubuhi ikaja ankara ya seva, jina lake limefutwa,
euro kumi na moja. Nikazitoa kwenye akiba ya viatu.
Nje alikuwa anakoroga theluji kwa koleo.
Miaka yote husafisha njia yake na yangu.
Leo alifika mpakani, akasimama, akarudi ndani.

Usiku, mwenye Liisu akaniandikia.
Kumbe si kijana kama tulivyodhani:
Helve, wa Valga, miaka sabini na mmoja.
"Nimeendesha treni za mizigo miaka thelathini," alisema.
"Naijua breki ya mtu anayetaka kweli kusimama,
na ya mtu anayetaka tu isikike.
Wewe sijui bado ni yupi.
Nitakaa nione."

Nilisoma mara nne. Sikujibu kitu.

Alhamisi, sokoni Vaskoja,
akatokea muuza kuni asiye na jina.
Mwandiko niliujua: hasahau nukta, hajui koma.
Akazipanga kuni zake. Akauza mzigo mmoja kwa Kadri, kwa bei ya haki.
Kisha akatembea hadi nyumba ya mganga
na kuandika neno moja:

Hodi.

Ni saa tatu sasa, na dakika ishirini.
Kitone cha Helve ni kijani.
Hajaitika.
Watu wanaanza kuninong'oneza: mwambie afungue.

Mlango ni wake.